Kipeo, Kipeuo na Logarithimu: Jina Lililoitangulia Maana

Kila mfasiri wa vitabu vya sayansi amekwisha kukutana na neno ambalo, akilichambua kwa mizizi yake, humpeleka mbali na maana yake ya leo. Logarithimu ni neno la namna hiyo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi jina hilo lilivyozaliwa, jinsi dhana yake ilivyobadilika baada ya jina kwisha kutolewa, na funzo tunalolipata sisi tunaoshughulika na istilahi za Kiswahili.

Aliyelitunga neno hilo ni John Napier, mwungwana wa Scotland, naye alilitangaza katika kitabu chake cha Kilatini kilichochapishwa Edinburgh mwaka 1614. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: logos, ambalo hapa maana yake ni uwiano, na arithmos, yaani namba. Shabaha yake ilikuwa kuwapunguzia wanafalaki na mabaharia taabu ya kuzidisha na kugawanya namba ndefu. Lakini dhana yake hakuijenga juu ya vipeo. Alifikiria nukta mbili ziendazo: moja kwa mwendo usiobadilika, na nyingine kwa mwendo unaopungua kadiri inavyoukaribia mwisho wa njia yake. Umbali uliokwisha kupitiwa na nukta ya kwanza ndio aliouita logarithimu ya umbali uliosalia kwa nukta ya pili.

Hata hivyo, njia nyingine ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1544 Michael Stifel wa Ujerumani alikuwa amepanga safu mbili za namba. Katika safu ya juu namba huongezeka kwa kujumlisha: 0, 1, 2, 3, 4, 5. Katika safu ya chini huongezeka kwa kuzidisha: 1, 2, 4, 8, 16, 32. Mtu akitaka kuzidisha 8 kwa 32, hutazama juu yake akaona 3 na 5. Hujumlisha akapata 8. Kisha hushuka chini ya 8 akakuta 256. Kuzidisha kumegeuka kujumlisha. Kutoka safu ya juu kwenda ya chini ni kupandisha kwa kipeo. Kutoka ya chini kurudi ya juu ni kutafuta logarithimu. Ni njia moja iendwayo kwa pande mbili.

Henry Briggs wa London alisafiri kwenda kwa Napier mwaka 1615, na tena mwaka 1616, wakakubaliana kwamba logarithimu ya 1 iwe 0 na namba ya msingi iwe 10. Napier alifariki mwaka 1617. Briggs akaendelea, na mwaka 1624 akatoa majedwali ya namba kutoka 1 hadi 20,000 na kutoka 90,000 hadi 100,000, kila moja kwa desimali 14. Pengo lililobaki lilizibwa na Adriaan Vlacq wa Uholanzi mwaka 1628. Wakati huo, namna tuliyoizoea ya kuandika kipeo kwa tarakimu ndogo iliyoinuliwa ilikuwa haijaenea. René Descartes aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1637. Maelezo yaliyo wazi kwamba logarithimu ni kipeo chenyewe yalipata mahali pa kudumu katika kitabu cha Leonhard Euler cha mwaka 1748. Ndiyo kusema jina liliitangulia maana yake ya leo kwa miaka 134.

Funzo la kwanza ni dhahiri. Mfasiri atakayetafsiri mizizi ya Kigiriki na kusema "namba ya uwiano" atakuwa amemfasiri Napier, wala hatakuwa amemsaidia mwanafunzi anayesoma hesabu za Euler.

Funzo la pili latoka katika lugha yetu wenyewe. Walimu husema kwamba kipeo cha pili cha 5 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Jozi hii ni nzuri, kwani neno kipeuo lina ile -u- ya kutendua tuijuayo katika funga na fungua, panga na pangua. Lakini kupandisha namba kwa kipeo si kama kujumlisha. Katika kujumlisha, 2 na 3 ni sawa na 3 na 2, hivyo tendo la kutendua ni moja tu, nalo ni kutoa. Katika vipeo, 2³ ni 8 ila 3² ni 9. Kwa sababu hiyo kuna maswali mawili ya kinyume: ni namba gani iliyopandishwa, na ilipandishwa kwa kipeo kipi? Swali la kwanza hujibiwa na kipeuo. La pili hujibiwa na logarithimu. Ile -u- ya kutendua imekwisha kutumika kwa jibu la kwanza. Kwa hiyo kuliacha neno la kigeni kwa jibu la pili si uvivu.

Aidha, neno kipeo hubeba mzigo wa watu wawili. Katika "kipeo cha pili cha 5 ni 25", linataja tokeo. Lakini tunasema pia kwamba katika 5² ile 2 ndiyo kipeo. Mwanafunzi akiambiwa kwamba logarithimu ni kipeo, aweza kudhani ni 25. Twapendekeza kipeo kiachiwe ile tarakimu ndogo, na 25 iitwe tokeo. Hapo maelezo yatakuwa mafupi: logarithimu ya namba ni kile kipeo ambacho, namba ya msingi ikipewa, huleta namba hiyo.

Jambo hili haliishii darasani. Kipimo cha matetemeko alichokianzisha Charles Richter mwaka 1935, na vile vilivyokifuata, ni vya logarithimu. Tetemeko la 7 halikulizidi la 6 kidogo tu: mtikisiko wake ni mara 10, na nguvu itolewayo ni karibu mara 32. Mtumishi wa serikali atakayeandika katika tangazo kwamba "limezidi kwa moja" atakuwa amefasiri tarakimu na kuacha hatari.