Cy Grant, Mtu wa Asili Isiyojulikana

Pichani yumo kijana mweusi mwenye sare ya Jeshi la Anga la Uingereza. Ni mateka. Waliompiga picha ni Wajerumani, na picha hiyo ikatoka katika Völkischer Beobachter, gazeti la chama cha Nazi. Chini yake pakaandikwa kwamba huyo ni askari wa anga wa Uingereza ambaye asili yake haijulikani. Hawakuandika jina.

Jina lake lilikuwa Cy Grant. Miaka 14 baadaye Waingereza walimzoea sebuleni mwao, gitaa mkononi, akiimba habari za siku kwa kalipso, mtindo wa muziki wa Karibi, katika kipindi cha Tonight cha BBC. Mtu mweusi kuonekana mara kwa mara kwenye televisheni ya Uingereza lilikuwa jambo jipya, na yeye ndiye aliyelianzisha. Lakini kabla ya gitaa alishika penseli, na penseli hiyo ilikuwa kazi ya kufa na kupona.

Alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Beterverwagting, Guyana, wakati huo ikiwa koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Moravian, kanisa lile lile ambalo watu wa Mbeya na Tabora wanalijua vizuri. Mpaka Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, cheo cha afisa katika Jeshi la Anga kilikuwa cha wenye damu ya Kizungu peke yao. Oktoba 1939 sharti hilo likalegezwa. Ndege zilipozidi kuanguka na marubani kupungua, jeshi likageukia makoloni kutafuta vijana, na mwaka 1941 Grant akajiunga.

Alianza mafunzo ya urubani, kisha akahamishiwa kwenye kazi ya kuongoza njia. Mwenyewe aliamini kwamba kilichomhamisha ni rangi yake.

Hata hivyo, kazi aliyopewa haikuwa ndogo. Ndani ya Lancaster, ndege ya mabomu ya injini nne yenye watu 7, mwongoza njia hukaa kwenye kimeza nyuma ya rubani, pazia limefungwa ili mwanga wa taa yake usitoke nje. Haoni mji unaoungua chini wala taa kali zinazowasaka angani. Anachokiona ni ramani, saa na tarakimu. Anakadiria upepo, anapiga hesabu ya mwendo kwa penseli, anamwambia rubani ageuke wapi na dakika gani. Mamia ya ndege huruka gizani bila taa kuelekea mahali pamoja. Anayekosea hesabu anaweza kuwatenga wenzake na kundi, na ndege iliyobaki peke yake ilikuwa windo jepesi. Usiku kucha watu sita walitegemea hesabu za kijana wa Guyana.

Kikosi chake kilikuwa namba 103, uwanja wa Elsham Wolds, Lincolnshire. Wanajeshi wa ndege za mabomu walitakiwa kumaliza safari 30 ndipo wapumzishwe. Wengi hawakuzimaliza: kati ya takriban watu 125,000 walioruka na ndege hizo, 55,573 walikufa.

Grant alifika safari ya 3. Usiku wa Juni 25, 1943 walikwenda kupiga Gelsenkirchen, mji wa viwanda huko Ruhr, Ujerumani. Wakiwa njiani kurudi, ndege ya kivita ya Wajerumani iliwashambulia juu ya Uholanzi. Watano waliokoka kwa miavuli, wawili wakafa. Mabaki yaliangukia nyumba ya mkulima na kumuua mkewe. Grant alikamatwa, akakaa kifungoni miaka miwili, sehemu yake katika Stalag Luft III, kambi ambayo Machi 1944 mateka 76 walitoroka kupitia shimo la chini kwa chini. 50 kati yao walikamatwa na kuuawa kwa risasi.

Aliporudi Uingereza alisomea sheria, na mwaka 1950 akafuzu uwakili. Kazi haikupatikana. Inauma kulisema: afisa aliyeangushwa akiipigania nchi hiyo hakupata ofisi ya mawakili ya kumpokea. Ndipo akageukia jukwaa na nyimbo. Mwaka 1957 BBC ikamwita. Mwaka 1964, katika igizo la muziki lililozunguka miji ya Uingereza, yeye ndiye aliyeuimba kwanza jukwaani wimbo Feeling Good, ambao mwaka uliofuata Nina Simone aliurekodi na kuupeleka duniani kote.

Yale maneno ya gazeti la Wanazi hakuyasahau. Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 86, alichapisha kumbukumbu zake za vita na kuyafanya kuwa jina la kitabu.

Huko Uholanzi, mvulana wa miaka 11 aliyeishuhudia ndege ile ikianguka alikua akitafuta habari za watu waliokuwamo. Mtoto wake aliirithi kazi hiyo, na pamoja na Grant wakaanzisha kwenye intaneti hifadhi ya majina ya vijana wa Karibi walioruka na Jeshi la Anga la Uingereza wakati wa vita. Grant alifariki Februari 2010. Katika hifadhi hiyo kila kijana ameandikwa kwa jina lake na mahali alikotoka.