Kinga Mikononi mwa Wasichana: Somo la Jaribio la VOICE

Mwaka 1990 Zena Stein, mtaalamu wa epidemiolojia mzaliwa wa Afrika Kusini, alitoa hoja iliyogeuza mjadala wa UKIMWI: kinga iliyokuwapo ilitegemea ridhaa ya mwanamume, ilhali mwanamke alihitaji kinga anayoiamulia mwenyewe.

Kondomu ya kike ilikuwa jibu la mwanzo. Nchini Zimbabwe wanawake wapatao 30,000 walitia saini kudai iletwe, na mwaka 1997 ikaanza kuuzwa. Hata hivyo, mwenzi aliiona, na alikuwa na uwezo wa kuikataa. Matumaini yakahamia kwenye jeli ya uke yenye dawa ya tenofovir. Mwaka 2010, jaribio la CAPRISA 004, lililohusisha wanawake 889 wa KwaZulu-Natal, lilionyesha kwamba jeli hiyo ilipunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 39.

Ndipo likaja jaribio la VOICE. Wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wengi wao vijana, walipangiwa vidonge au jeli. Matokeo ya mwaka 2013 yalivunja moyo: hakuna kilichozuia maambukizi. Washiriki walieleza kwamba walitumia kinga hizo karibu kila siku, lakini dawa haikuonekana hata katika theluthi moja ya sampuli za damu zilizopimwa.

Wapo waliowaita wasichana hao wazembe. Mimi naisoma historia hiyo vingine. Watafiti waliporudi kuwahoji, walikuta hofu zenye mantiki: vidonge hivyo vilifanana na vya waishio na VVU, jirani angevitafsiri vibaya, na mwenzi angeona anashukiwa. Kinga ilikuwa mikononi mwao, lakini chumba walichoihifadhi hakikuwa chao peke yao.

Mwaka 2024 jaribio la PURPOSE 1 lilileta ushahidi mwingine. Kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Uganda na Afrika Kusini waliochomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna aliyeambukizwa VVU. Katika jaribio hilohilo, wengi wa waliopewa vidonge vya kila siku hawakuvimeza ipasavyo. Waliotofautiana si wasichana. Ni vitu walivyopewa.

Sindano hiyo haizuii kaswende wala kisonono, hivyo kondomu na mazungumzo magumu ya chumbani bado vinahitajika. Kwa hiyo, mtumishi wa umma anayeandaa bajeti ya kinga na awaulize wasichana kabla ya kuagiza shehena: mtaihifadhi wapi, na nani ataiona?