Trento na Kesi ya Copernicus

Mamlaka ya Kanisa Katoliki ya kufasiri Maandiko, yaliyojengeka polepole tangu karne za kwanza, yalipewa nguvu mpya ya kisheria na Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulioamuru mwaka 1546 kwamba mtu yeyote asiyafasiri kinyume cha maana inayoshikwa na Kanisa wala kinyume cha kauli moja ya Mababa, walimu wa imani wa karne za mwanzo. Amri hiyo, iliyowalenga Waprotestanti na wala si wanajimu, ndiyo iliyotumika mwaka 1616, pale kitabu cha mnajimu Copernicus, kilichodai kwamba Dunia hulizunguka Jua, dai lililoonekana kupingana na Maandiko, na kilichosomwa kwa miaka zaidi ya 70 bila kizuizi, kiliposimamishwa hadi kisahihishwe. Na masahihisho yenyewe, yaliyotangazwa mwaka 1620, yalikuwa machache mno.