Alama na Maelezo: Usahihishaji wa Kazi za Wanafunzi Katika Shule za Kamina

Kamina ni mji uliokua kando ya reli: njia ya kutoka Bukama kwenda Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928, na tawi la kwenda Kabalo likafunguliwa mwaka 1956. Shule zake za mwanzo zilikuwa mikononi mwa misheni. Humo ndimo mwalimu aliporithi desturi ya Kibelgiji ya kusahihisha: kila somo lina kiwango chake cha juu cha pointi, makosa ya imla huhesabiwa na kupunguzwa moja moja, na asiyefikia nusu huandikwa kwa wino mwekundu. Bulteni ya mwanafunzi huonyesha asilimia, nafasi yake darasani, mwenendo na bidii. Nafasi ya maelezo ni ndogo mno.

Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, uliimarisha desturi hiyo. Sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu, na karatasi husahihishwa Kinshasa. Kinachomrudia mtahiniwa wa Kamina ni asilimia tu. Karatasi yake haioni tena. Serikali ilitwaa shule za makanisa mwaka 1974, ikazirudisha kwa mkataba wa mwaka 1977, lakini kalamu nyekundu haikubadili kazi yake. Katika miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikosa thamani, wazazi wakawa ndio wamlipao. Yamkini kumnyima pointi mtoto wa mlipaji hakukuwa jambo jepesi.

Suala la lugha lina uzito zaidi, ingawa hutajwa kwa nadra. Mtoto wa Kamina husema Kiluba nyumbani na Kiswahili sokoni na stesheni. Tangu mageuzi ya mwaka 1962, Kifaransa kilitakiwa kuwa lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Baadaye lugha za taifa zilirejeshwa katika madarasa ya chini, na sheria ya tarehe 11 Februari 2014 imezitambua tena. Hata hivyo, wino mwekundu husema Kifaransa. Tuseme mwanafunzi ameandika “j’ai entendu une odeur”. Mwalimu wa kawaida hupiga mstari chini ya kitenzi, hutoa pointi moja na kupita. Mtoto hajui alipokosea, kwa kuwa kwa Kiswahili harufu husikika, na sentensi yake ni tafsiri aminifu. Mwalimu akiandika pembeni kwamba Kifaransa hutenga kusikia kwa sikio na kusikia kwa pua, kisha akampa sentensi nyingine mbili za kujaribu, amesahihisha chanzo cha makosa kumi yajayo. Kazi hiyo yahitaji mwalimu anayeijua lugha ya mtoto kama mfumo, si kama uchafu wa kufutwa.

Yahitaji pia wakati. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, ilijaza madarasa, na rundo la madaftari likapanda. Njia iliyobaki kwa wengi ni masahihisho ya ubaoni: mwalimu huandika jibu sahihi, na darasa zima hulinakili chini ya kosa. Aliyepata tisa na aliyepata mbili hunakili maneno yale yale.