Nakala ya picha inapokuwa kazi halisi

NENO ‘nakala’ halina taabu kwenye hatimiliki ya shamba. Ipo hati asilia, kisha yapo yale makaratasi tunayotoa pale saibani na kupigiwa mhuri na wakili. Taabu huanza tunapofika kwenye picha za wasanii, kwa sababu huko nakala huuzwa ikiwa ndiyo kazi halisi.

Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alipouonyesha ulimwengu uvumbuzi wake, picha ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha. Likipotea, basi. Mwaka 1841 Mwingereza William Henry Fox Talbot akapata hataza ya mbinu nyingine, ya negativu, ambayo iliweza kuzaa picha nyingi kwenye karatasi. Tangu hapo ukiuliza picha ‘asilia’ ni ipi, hupati jibu la moja kwa moja. Negativu haitundikwi ukutani, na karatasi ya kwanza haina ukubwa juu ya ya hamsini.

Waliochapa michoro kwa mabamba ya chuma walikuwa na sababu ya kuhesabu: bamba huchakaa, na karatasi za mwisho hufifia. Wapigapicha waliiga desturi hiyo ya kuandika 1/10 au 3/10 ilhali negativu yao, sembuse faili ya kompyuta, haichakai hivyo. Uhaba wa picha ni wa ahadi tu. Mnunuzi analipia karatasi, wino, na neno la msanii kwamba hatachapisha ya kumi na moja.

Hapa Donholm ninakoishi, kijana mmoja aliniletea picha alizopiga kandokando ya Outering Road nimsaidie kuandika cheti cha mauzo. Chini aliandika 1/10 kwa penseli. Nikamuuliza zile tisa ziko wapi.

“Bado sijaziprinti, mwalimu. Hizo kumi zikiisha, si natoa zingine?”

Hebu tazama hilo ‘zingine’. Jirani aliyekwisha kumlipa elfu kumi na tano amenunua sehemu moja ya kumi, au sehemu ya kitu kisicho na mwisho? Nilimweleza yaliyompata Mmarekani William Eggleston. Mwaka 2012 alichapisha upya kwa mbinu ya kidijitali, tena kwa ukubwa zaidi, picha ambazo baadhi yake alikuwa amezitoa awali kwa idadi maalumu. Picha 36 zikauzwa kwenye mnada wa Christie’s jijini New York kwa karibu dola milioni 5.9. Mkusanyaji aliyemiliki zile za awali akaenda mahakamani akidai zake zimeshushwa thamani. Mwaka 2013 akashindwa: mahakama iliona kwamba hizi zilikuwa toleo jingine.

Kumbe kesi nzima ilisimama juu ya neno ‘toleo’! Kwa hivyo mimi hutenganisha: ‘toleo’ ni fungu zima la ukubwa na mbinu moja, ‘nakala’ ni kila karatasi ndani yake. Zile chache ambazo msanii hujiwekea nje ya hesabu niziite ‘nakala za msanii’, na idadi yake itajwe pia. Cheti kikisema “nakala ya 1 katika toleo la nakala 10” bila kutaja ukubwa, kimeacha mlango wazi.

Mfano wa karibu ni Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kukulia upande huu wa Eastlands, Korogocho, jirani na jalala la Dandora. Huunda miwani kwa vyuma na taka, kisha hujipiga picha akiwa ameivaa. Miwani yenyewe ni moja tu. Picha hutolewa kwa toleo lenye idadi. Nyingi zinaitwa “Macho Nne”. Mwalimu wa sarufi atashika kalamu nyekundu: macho manne! Asithubutu. Mitaani tunasema hivyo hivyo, macho nne, na jina likishaandikwa kwenye cheti ni sehemu ya utambulisho wa kazi. Mkusanyaji wa Paris akikuta “Macho Manne” kwenye karatasi atakuwa na haki ya kushuku kwamba ni bandia.