Wageni wa Tashkent

Tashkent ni mji mkuu wa inchi ya Uzbekistan, katikati ya Asia. Nyumba zake za zamani zimezungukwa na ukuta, na ndani mna uwanja wenye miti ya matunda. Mgeni akiingia hupewa mkate na chai. Chai hutiwa kidogo tu katika bakuli. Msidhani ni uchoyo, wasomaji wapenzi: ni kusudi mwenye nyumba apate kumtilia tena na tena.

Sisi tunasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mwaka 1941 watu wa Tashkent walipata wageni wasiojua siku ya kurudi kwao. Uzbekistan ilikuwa wakati ule chini ya serikali ya Moscow. Wadachi waliposhambulia mwezi wa sita, magari ya moshi yakaleta wakimbizi wengi sana kutoka magharibi, na watoto wasio na wazazi. Wengi waliwekwa katika nyumba za yatima, wengine wakapokelewa na jamaa za mji. Na mkate ulikuwa wa kupimiwa!

Mhunzi mmoja Mwislamu, Shaahmed Shomahmudov, na mkewe Bahri Akramova, hawakuwa na mtoto. Wakachukua watoto 15 wa makabila mbalimbali, wakawalea kama wao.

Mwaka 1982 jamaa hiyo ilisimamishiwa sanamu kubwa mjini. Mwaka 2008 wakubwa wakaiondoa, wakaipeleka pembeni mwa mji. Mwaka 2018 ikarudishwa mahali pake.