Dhahabu ya Lupa na swali la mfinyanzi wa Ikombe



Wiki hii nataka tuzungumzie dhahabu, lakini safari yetu inaanzia kwenye udongo. Kule Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyojulikana Nyanda za Juu Kusini nzima. Mama hufinyanga, huchoma, hupakia kwenye mtumbwi na kuvifikisha Lyulilo, jirani na Matema, siku ya mnada. Akiuza, fedha anaifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakuna anayemwuliza kwa nini chungu ni chake.

Siku nilipokwenda huko nilikaa na bibi mmoja mfinyanzi, ambaye baba yake alikwenda Lupa akiwa kijana. Watu wa Rungwe na Kyela ya leo walipanda milima kwa miguu, wakapita Mbeya na kushuka Chunya kutafuta fedha ya kodi. Nilikuwa nikimweleza bibi habari za sheria za madini za wakati ule. Akanikatiza. “Mwanangu,” akasema, “kama baba ndiye aliyeichimba, kwa nini haikuwa yake?”

Swali hilo sikuweza kulijibu pale pale. Nimeona nilijibu leo.

Dhahabu ya mchangani ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza. Uchimbaji ulipamba moto katika miaka ya 1930, na sababu kubwa ilitoka mbali. Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake na dhahabu. Januari 1934 Marekani ikapandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Wakati huo bei za mazao zilikuwa zimeanguka dunia nzima. Mamia ya Wazungu, wengi wao kutoka Afrika Kusini, wakamiminika Chunya. Waafrika walifika kwa maelfu. Mji wa Mbeya, ulioanzishwa mwaka 1927, ulinenepa kwa biashara hiyo.

Sasa tuitazame sheria. Palikuwa na Sheria ya Madini ya mwaka 1920, kisha ikaja ya mwaka 1929. Ukizisoma utaona kwamba kati ya mchimbaji na dhahabu palikuwa na malango matatu.

Lango la kwanza ni la mali yenyewe. Madini yote yaliyo ardhini yalikuwa chini ya mamlaka ya serikali. Shamba linaweza kuwa la babu yako, lakini kilicho chini ya shamba si chako.

Lango la pili ni la leseni. Aliyetaka kutafuta dhahabu alihitaji kwanza kibali cha utafutaji. Akiwa nacho, aliweza kupiga vigingi kwenye kitalu na kwenda kukiandikisha kwa afisa wa madini. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kibali hakikutolewa kwa mtu asiyeweza kuielewa sheria hiyo kiasi cha kuweza kuifuata, na sheria ilikuwa ya Kiingereza. Mtu mweusi hakuhitaji kutajwa kwa rangi. Shule zilikuwa chache, na Kiingereza kilifundishwa kwa wachache miongoni mwa hao wachache. Sharti la lugha likafanya kazi ya ukuta, na karibu Waafrika wote wakabaki nje yake.

Lango la tatu ni la biashara. Kukutwa na dhahabu ghafi au kuiuza bila idhini lilikuwa kosa. Kwa hiyo hata kijana aliyeokota punje kwenye mchanga wa mto hakuwa na mahali halali pa kuipeleka kwa jina lake mwenyewe. Ama aikabidhi kwa mwenye kitalu, ama aiuze gizani kwa bei ya gizani, na akikamatwa anaitwa mwizi.

Juu ya malango hayo ziliwekwa sheria nyingine. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya kibarua aliyeacha kazi kabla ya mkataba kuisha awe mkosaji wa jinai. Sheria ya mikopo nayo ilimbana mfanyabiashara asiweze kumdai Mwafrika mahakamani ila kwa idhini ya serikali. Watawala walisema ni kumlinda mwananchi asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba mtu asiye na mtaji hakuwa na pa kuukopa.

Baadhi ya wenye vitalu waligundua njia rahisi zaidi. Badala ya kumlipa kibarua mshahara, walimwacha achimbe mwenyewe kwenye kitalu chao kwa sharti kwamba dhahabu yote awauzie wao, kwa bei wanayoipanga wao. Kwa hiyo kulikuwa na Mwafrika anayejua mkondo wa dhahabu ulipo, anayechimba kwa jembe lake na kupepeta vumbi kwa mikono yake. Lakini jina lililoandikwa kwenye daftari la serikali lilikuwa la mtu mwingine.

Hilo ndilo jibu la bibi. Haikuwa ya baba yake kwa sababu sheria haikumuuliza mtu amechimba nini. Ilimuuliza ana karatasi gani.

Haki itendeke: Lupa haikuwaletea watu wa ziwani hasara tupu. Kambi za Chunya zilihitaji chakula, na mpunga wa bonde la Kyela ulipata soko huko. Na dhuluma haikuwa ya Tanganyika peke yake. Kenya, mwaka 1930, serikali iliwaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao milele. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa upesi ili ardhi ya uchimbaji iweze kutolewa bila wenyeji kupewa nyingine badala yake. Ile milele ilidumu miaka miwili.

Leo, ndugu msikilizaji, mambo yamebadilika. Sheria ya Uingereza iliondolewa mwaka 1979. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyowavutia kutoka mafichoni. Sheria ya mwaka 2010 inampa Mtanzania leseni ndogo ya uchimbaji ya miaka saba, na leseni hiyo haitolewi kwa mgeni. Mwaka 2019 Chunya ikapata soko lake la madini. Malango mawili kati ya yale matatu yamefunguliwa kwa mwananchi, na hiyo ni hatua kubwa.

Lakini nenda machimboni ukatazame. Mwenye leseni ni mmoja, mwenye duara ni mwingine, na anayeshuka shimoni na tochi kichwani ni wa tatu. Mawe yakipanda, mgawo unafanywa kwa mdomo. Duara likitoa mawe matupu, wote ni ndugu. Likitoa dhahabu, maneno ya jana yanasahaulika, na yule wa shimoni hana karatasi ya kuonyesha popote. Ngozi ya mwenye leseni imebadilika, lakini swali la bibi liko pale pale.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi kijana unayefunga mzigo kwenda Chunya, uliza kwanza leseni ni ya nani, na mgawo wako uandikwe mbele ya mashahidi kabla hujashika moko. Na ninyi wenye leseni, msiwafanyie watoto wa wenzenu yale ambayo babu zenu walifanyiwa Lupa.

Kule Ikombe bibi yule anaendelea kufinyanga. Chungu chake akikiuza, ni chake.

Tukutane tena wiki ijayo.